Maswali yanayoulizwa sana: mbona chaneli za komedi za Marekani zimejaa marudio?

Haya maswali yanajirudia kila watu wakianza kuongelea Comedy Central, TBS na chaneli nyingine za kuchekesha za kule Marekani, kwamba ukiwasha mchana ni The Office (ile komedi ya ofisini), ukiwasha usiku ni The Office tena, sasa hao wenye chaneli kazi yao nini? Nimejibu kwa kirefu pale penye uhondo, kwingine nimepita haraka tu.

Marudio tunayosema ni yapi? Maana hata South Park nayo inarudiwa

Yako ya aina mbili na watu wanayachanganya sana. Ya kwanza ni chaneli kurudia kitu chake yenyewe, mfano Comedy Central kuweka katuni yao South Park ya miaka ile saa tano usiku, hiyo ni mali yao wanaizungusha wanavyotaka. Ya pili, na ndo hiyo watu wanaipigia kelele, ni kipindi kilichotengenezwa kwa ajili ya netiweki kubwa kama NBC, CBS, ABC au Fox, kikamaliza muda wake kule au bado kinaendelea, halafu studio iliyokitengeneza ikauza haki ya kukirusha upya kwa stesheni za mikoani na kwa chaneli za kebo. Hiyo biashara ndo sindikesheni. Ndo maana zamani ungeweza kukuta Seinfeld jioni kwenye stesheni ya pale Chicago na usiku huohuo iko TBS, wote wamenunua na kila mmoja ana mkataba wake.

Kipindi kipya, kwa maana ya humu, ni kile chaneli ya kebo ilichokiagiza na kukilipia yenyewe tangu mwanzo.

Kwanini kila mtu anaongelea epsodi 100?

Kwa sababu mnunuzi anataka kukiweka kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa saa ileile. Piga hesabu, epsodi 100 ukirusha tano kwa wiki unapata wiki 20 kabla hujaanza upya, mtu hachoki haraka. Ukiwa na epsodi 30 tu zinaisha wiki ya sita, mtazamaji anaanza kusema hii si nimeiona juzi. Hiyo 100 sio sheria iliyoandikwa popote, wapo waliouza kwa 88 na hata chini ya hapo, ila ndo namba ambayo watengenezaji walikuwa wakiifikia wanakata keki kabisa seti nzima.

Sasa angalia kitu kimoja hapa. Komedi ya netiweki ilikuwa inatoa epsodi 22 au 24 kwa msimu, kwahiyo msimu wa tano unafika 100 bila wasiwasi. Komedi ya kebo inatoa kama 10 kwa msimu. Broad City imekwenda misimu mitano ikaishia epsodi 50. Key & Peele misimu mitano, 53. Nathan for You ina 32 na watu mpaka leo wanaisifia. Yaani kebo ilitengeneza vitu vizuri mno ambavyo kwa hesabu za sindikesheni ya kizamani haviuziki, na hilo tutalirudia mbele.

Ni kweli studio inatengeneza kipindi kwa hasara?

Kweli kabisa, na ukishaelewa hili mengine yote yanafunguka. Netiweki inalipa ada ya kurusha epsodi mara chache tu, na hiyo ada kwa kawaida ilikuwa haifiki gharama ya kuitengeneza. Pengo linazibwa na studio. Studio inakubali kuumia miaka minne mitano kwa matumaini kwamba kipindi kikifika ile 100 kitauzwa kwenye marudio na hela yote itarudi na faida juu. Vingi havikufika, vilikufa msimu wa kwanza na hasara ikabaki palepale, ila kimoja kikifika kinalipia maiti za wenzake wote.

Serikali nayo iliingia. Mwaka 1970 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliweka masharti ya kuzibana zile netiweki zisimiliki haki za marudio za vipindi wanavyonunua, ili watengenezaji huru wapate kupumua. Masharti yakaanza kulegezwa miaka ya 90 mwanzoni, na baada ya hapo netiweki na studio zikaanza kuoana, ndo unaona leo kampuni moja ina studio, netiweki, chaneli za kebo na app juu yake.

Nani aligundua kwamba marudio yana hela?

Kugundua peke yake hapana, ila wa kutajwa kwanza ni Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz na I Love Lucy yao iliyoanza 1951. Wakati ule vipindi vingi vilirushwa laivu kutoka New York, mikoa mingine wanapata nakala mbovu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha TV. Wao walitaka kubaki California, wakasema tutapiga kwa filamu halisi na kamera tatu, tukatwe mshahara ila epsodi ziwe zetu. CBS wakakubali, nadhani kwa kuona mtu gani atataka kuangalia kitu alichokwisha kukiona. Baadaye CBS haohao wakazinunua kwa mamilioni ya dola. Na kwa vile zilipigwa kwa filamu picha yake mpaka leo ni safi, ndo maana bado zinauzika.

Comedy Central ilianza na nini, vipindi vipya au marudio?

Na vyote viwili kwa wakati mmoja! Novemba 1989 HBO, chaneli ya kebo ya kulipia, walifungua The Comedy Channel, ambayo ilikuwa inataka kuwa kama MTV ya vichekesho, watangazaji wanakaa wanaongea halafu wanaweka vipande vya stendapu na vya filamu, kitu kipya kipya. Aprili 1990 Viacom, wenye MTV, wakajibu kwa chaneli yao inaitwa Ha!, na hiyo iliegemea komedi za zamani za netiweki. Kwahiyo ule ubishi wetu wa marudio na vipya ulikuwa chaneli mbili kamili zinazogombana, na zote zilikuwa zinapoteza hela maana kampuni za kebo hazikuona sababu ya kubeba chaneli mbili za kucheka wakati nafasi kwenye waya zilikuwa chache.

Aprili 1991 wakaungana, na Juni mwaka huo jina likawa Comedy Central. Umiliki nusu kwa nusu mpaka 2003 Viacom alipomnunua mwenzake nusu yake kwa dola bilioni 1.2 na kidogo. Kwenye huo mseto wa mwanzo ulikuwa unakuta Saturday Night Live za zamani, vichekesho vya Waingereza, na katikati yake Mystery Science Theater 3000, jamaa mmoja na maroboti wanakaa wanazisimanga filamu mbovu. Kwa bajeti hiyo ni akili nyingi, unachukua filamu ya zamani isiyo na gharama halafu unaigeuza kuwa kipindi kipya cha saa mbili. Nusu marudio nusu kipya, na mimi naona hakuna kilichowahi kuieleza ile chaneli vizuri zaidi.

South Park ilibadilisha nini?

Kila kitu. Ilianza Agosti 13, 1997, na kabla ya hapo kampuni nyingi za kebo zilikuwa hazioni haja ya kubeba Comedy Central, baada ya hapo wateja wenyewe wakawa wanapiga simu kuidai. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalioni: chaneli ya kebo inakula sehemu mbili, matangazo na ile ada inayolipwa na kampuni ya kebo kwa kila nyumba kila mwezi. Marudio ya komedi ya zamani kama Benson hayawezi kumfanya mtu apige simu kwa kampuni ya kebo akalalamike hana chaneli fulani. Kipindi ambacho hakipo kwingine kinaweza. Kwahiyo hata kama South Park ni nusu saa kwa wiki tu, hiyo nusu saa ndo inapandisha bei ya zile saa nyingine zote za marudio.

Basi kipi kina faida, kipya au marudio?

Swali limekaa vibaya, ndo maana watu wanabishana miaka nenda rudi. Marudio ni kama mahindi ya ugali, yanajaza ghala na kila siku utayala, kipindi kipya ndo kitoweo, na hakuna mtu anayesifia nyumba ya mtu kwa ugali. Siku ina saa 24. Hakuna chaneli ya komedi yenye hela ya kujaza hata robo yake na vitu vipya, na waliojaribu (rejea The Comedy Channel) waliumia. Ila chaneli yenye marudio matupu haina jina, ni namba tu kwenye rimoti, na siku mwenye haki akiondoka na kipindi chake unabaki umekaa na ratiba tupu.

Mi nasema walioendesha vizuri ni wale waliotumia marudio kama mtego. Unaweka Scrubs jioni watu wanajikusanya, halafu unawapitishia promo ya kitu chako cha saa nne. Ubaya unaanza pale bosi mpya anapoangalia karatasi ya hesabu na kuona kwamba marudio yanaleta watazamaji karibu sawa na kipindi kipya kwa bei ndogo, anasema kwanini tusiweke marudio kote. Mwaka wa kwanza anaonekana bonge la mjanja. Wa tatu hakuna anayeikumbuka chaneli.

Mbona The Daily Show hairudiwi kama Friends?

Kwa sababu ni kipindi cha utani wa habari, inaoza. Utani wa habari za Jumanne, ukifika Jumanne ya wiki ijayo hakuna anayejua unaongelea nini. Comedy Central waliirudia usiku uleule na kesho yake mchana, baada ya hapo kwisha. Ilianza Julai 1996 na Craig Kilborn, Jon Stewart akaingia Januari 1999, Trevor Noah akachukua Septemba 2015 mpaka mwisho wa 2022, na Stewart akarudi Februari 2024 kwa siku za Jumatatu. Kwenye sindikesheni haina thamani ya maana, ila ilichukua Emmy, tuzo kubwa ya TV ya Marekani, ya kitengo chake miaka kumi mfululizo, 2003 mpaka 2012, na ikazaa The Colbert Report. Faida yake ilikuwa heshima na mazungumzo ya watu.

Friends ni kinyume chake kabisa. Epsodi 236, hakuna siasa, unaweza kuingia katikati ukacheka. Comedy Central ya Uingereza ilipata haki zake 2011 na tangu hapo kuna siku ungedhani chaneli yenyewe inaitwa Friends.

Marudio yameshawahi kufufua kipindi kilichokufa?

Zaidi ya mara moja. Family Guy ilifutwa na Fox 2002, marudio yakaenda Adult Swim, chaneli ya usiku ya katuni za watu wazima, 2003, usiku wa manane huko vijana wakaing'ang'ania, DVD nazo zikauzwa kwa fujo, Fox wakairudisha Mei 2005.

Futurama ndo stori ninayoipenda zaidi. Fox waliiacha ikafa 2003. Adult Swim wakairudia weee mpaka 2007, kisha Comedy Central wakanunua marudio kuanzia 2008. Kwenye hiyo dili zikaingia filamu nne za DVD zilizokatwakatwa zikawa epsodi 16, zikafanya vizuri, wakaagiza mpya kabisa zilizoanza Juni 2010 na kuendelea mpaka Septemba 2013. Kipindi cha netiweki kikawa marudio, marudio yakawa kipindi kipya cha kebo, na baadaye 2023 Hulu, app ya striming, nao wakakichukua wakatengeneza vingine. Kwahiyo mtu akisema marudio yanaua ubunifu mwambie aanzie hapo.

Kuna waliotengeneza kipindi kipya makusudi kiwe marudio?

Wapo, na ni biashara ya kikatili kidogo. Tyler Perry na House of Payne: alitengeneza epsodi 10 za majaribio zikarushwa kwenye stesheni chache 2006, namba zikawa nzuri, TBS wakaagiza 100 kwa mpigo kwa dola milioni 200. Ilianza TBS 2007. Kampuni ya Debmar-Mercury iliyokuwa kwenye hiyo dili ikaufanya kuwa mtindo wake, unatengeneza 10, zikifikisha kiwango fulani cha watazamaji moja kwa moja zinaagizwa 90. Charlie Sheen na Anger Management ya FX walifanya hivyohivyo, walianza Juni 2012 wakamaliza epsodi ya 100 Desemba 2014. Miaka miwili na nusu! Netiweki ingechukua minne au mitano. Walikuwa wanapiga zaidi ya epsodi moja kwa wiki, na ukiangalia unaona, seti zilezile na mistari inayonusa haraka. Hapo kipindi kipya ni njia tu ya kufika kwenye marudio.

Dili kubwa ya marudio kwa chaneli changa?

FXX na The Simpsons. Chaneli ilianza Septemba 2013, miezi miwili tu mbele wakafunga mkataba uliotajwa kuwa karibu dola milioni 750. Agosti 2014 wakarusha epsodi zote 552 mfululizo, siku 12 usiku na mchana. Kabla ya hapo nani alikuwa anaijua FXX?

Waigizaji wanalipwa kipindi kikirudiwa?

Siku hizi ndio, ila haikuwa hivyo. Waliocheza Gilligan's Island (1964 mpaka 1967) walilipwa kwa marudio machache ya mwanzo tu, baada ya hapo kipindi kimezunguka duniani miongo na miongo na wao hawaoni kitu. Mkataba wa chama cha waigizaji wa 1974 ndo ulioweka malipo yasiyokoma. Kiasi kinapungua kila marudio yanavyoongezeka, mtu wa pembeni unaweza kukuta cheki yake haitoshi hata nauli, lakini staa wa kipindi kikubwa mwenye sehemu ya umiliki, kama Jerry Seinfeld, anakuwa tajiri wa kupindukia.

Na Dave Chappelle je, si alikuwa analalamika hapewi?

Huyo ni kesi nyingine. Chappelle's Show, kipindi cha huyo mchekeshaji pale Comedy Central, ilianza Januari 2003 ikawa moto, wakampa dili ya dola milioni 50, 2005 akaacha kila kitu akapanda ndege kwenda Afrika Kusini. Comedy Central wakarusha 2006 zile zilizobaki bila yeye. Kisha Novemba 2020 akatoka hadharani kwamba kipindi kiko kwenye app za Netflix na HBO Max na yeye hajalipwa senti kwa hilo. Kisheria alikuwa amesaini, mwenyewe alisema. Lakini aliwaomba mashabiki wasikiangalie, Netflix wakakiondoa, na Februari 2021 akatangaza amerudishiwa haki na amelipwa. Kilichonivutia ni kwamba hakwenda mahakamani, alikwenda kwa watazamaji, na kipindi cha marudio bila watazamaji ni hewa.

Striming iliharibu wapi?

2019 ndo mwaka wa kukumbuka. Kwa taarifa za wakati ule Friends ilikwenda HBO Max kwa dola milioni 425 za miaka mitano, The Office kwa Peacock, app ya wenye NBC, kwa milioni 500, na Seinfeld Netflix kwa zaidi ya milioni 500. Chaneli za kebo ziliendelea kuruhusiwa kurusha baadhi, Comedy Central wenyewe walipata Seinfeld kuanzia Oktoba 2021, lakini marudio yako yana maana gani kama mtu anaweza kuchagua epsodi anayoitaka bila matangazo? Ule mtego wa jioni ukakosa samaki.

Kuna kituko hapo. Viacom waliuza South Park za zamani kwa HBO Max mwaka huohuo kwa karibu milioni 500, na 2021 walipozindua app yao ya Paramount+ kipindi chao kikubwa kuliko vyote hakikuwemo. 2021 wakasaini na watengenezaji dili ya milioni 900 ili wapate angalau vitu vipya vya kuweka, na Julai 2025 wakalipa bilioni 1.5 za miaka mitano ili kipindi kizima kiwe nyumbani. Hesabu hizo mi siziongezei neno.

Huku kwenye kebo upande wa vipya ukakauka. Drunk History ilifutwa 2020, Tosh.0 ikaisha mwaka huo, South Side na The Other Two zikahamia HBO Max. TBS ni mbaya zaidi, baada ya Warner na Discovery kuungana Aprili 2022 wakasimamisha kutengeneza komedi na tamthilia mpya, na komedi yao Chad iliondolewa siku ileile msimu wake wa pili ulipotakiwa kuanza. Siku ileile jamani.

Comedy Central tunayoiona huku Afrika ni ileile?

Sio ileile, ni tawi. Iliingia DStv Desemba 2011 na inapanga ratiba yake, marudio mengi ya Kimarekani na vichache vya Afrika Kusini. 2012 walifanya roast (shoo ya kumtania mtu mbele yake) ya mwanamuziki Steve Hofmeyr na aliyeongoza ni Trevor Noah, kabla New York hawajamjua. Vya Afrika Mashariki kwenye ratiba hiyo ni vya kutafuta kwa tochi.

Mbona epsodi ikiwa marudio inaonekana fupi au inakimbia?

Sio macho yako. Chaneli zinataka nafasi ya matangazo, kwahiyo zinakata mistari, wengine wanaongeza kasi kidogo kiasi kwamba hustuki. Mwaka 2013 kuna mtu aliweka video ya Seinfeld ya TBS kando ya ile ya asili, zinaanza pamoja halafu moja inaiacha nyingine nyuma. Picha nayo inakatwa juu na chini ili ijaze TV pana za siku hizi. Netflix walipoweka Seinfeld 2021, kwenye epsodi ya shimo la barabarani shimo lenyewe halikuonekana.

Nikitaka kuangalia za zamani kama zilivyorushwa nifanyeje?

DVD za zamani, bila utani. Usitegemee mtandao, Juni 2024 Paramount (ndo Viacom walewale kwa jina jipya) waliifuta tovuti ya Comedy Central na vipande vya The Daily Show vya zaidi ya miaka 20 vikaenda navyo, na kwenye app yao waliweka misimu michache ya karibuni tu. Ila hata DVD soma maelezo kwanza, WKRP in Cincinnati ni komedi ya stesheni ya redio iliyojaa nyimbo za miaka ya 70, leseni za nyimbo zikaisha, na matoleo mengi yaliyofuata yamewekewa muziki mwingine. Ukipata nakala iliyorekodiwa kwenye kaseti ya video kutoka TV enzi hizo, iweke vizuri.